Swali Moja Kati ya 150

Leo hatuna la singo wala la nguo. Tunataka kuzungumza juu ya kazi yetu na mtihani tuliousomea zaidi ya miezi saba. Ndani ya mtihani ule mlikuwa na jambo ambalo kila mwanamke anayefanya kazi karibu na mionzi anafaa alijue kabla hajaolewa, awe kwenye kinu cha nyuklia huku Marekani au kwenye chumba cha eksirei huko nyumbani.

Sisi wawili ni watoto wa dada na mdogo wake. Tumezaliwa Unguja, tukaja Marekani na wazazi wetu tungali skuli. Kazi yetu ni ufundi wa kinga ya mionzi, tena kwa mkataba. Tuieleze kidogo, maana hata shangazi zetu hadi leo wanadhani tunafagia kiwandani.

Marekani ina vinu vya nyuklia vya umeme zaidi ya 90. Kila kinu huzimwa baada ya miezi 18 au 24 ili kutiwa fueli mpya na kutengenezwa yale yasiyotengenezeka kinapowaka. Kinazimwa majira ya machipuo au ya vuli, wakati watu hawatumii umeme mwingi kwa joto wala kwa baridi. Matengenezo huchukua kama mwezi, na kwa mwezi huo kiwanda huhitaji mamia ya watu wa ziada: mafundi bomba, wachomeleaji, wajenzi wa majukwaa. Kila anayeingia sehemu yenye mionzi lazima awepo mtu aliyekwisha kupima mahali pale, amwambie asimame wapi, asisimame wapi, na akae muda gani. Huyo ndiyo sisi. Kazi ikisha tunafunga mabegi, tunaingia garini, tunakwenda kinu chengine jimbo jengine. Mwaka mmoja tumelala kwenye moteli za majimbo matano.

Mafundi walioajiriwa na kiwanda wana idara yao ya mafunzo. Wanasomeshwa ndani ya saa za kazi, wanalipwa huku wanasoma. Mtu wa mkataba hana idara. Anafika, anapewa mtihani wa misingi, akishindwa anageuza gari. Tulianza chini kabisa, kusafisha sakafu na vifaa vyenye uchafu wa mionzi, kisha tukawa mafundi wadogo. Kanuni inayofuatwa na viwanda vingi, ile ya ANSI ya 1971, inataka miaka 2 ya uzoefu kabla mtu hajaachiwa kusimamia kazi peke yake. Tulipoipita hiyo tukaanza kuutazama mtihani mkubwa, ule wa NRRPT, sajili ya kitaifa ya mafundi wa kinga ya mionzi iliyoanzishwa 1976. Huo unataka miaka 5 ya uzoefu, una maswali 150 ya kuchagua jibu, na ukifaulu jina lako linaingia kwenye sajili. Kwa mtu wa mkataba hilo ni jambo kubwa. Meneja asiyekujua, kinu usichowahi kukanyaga, anaona herufi zile kwenye wasifu wako na simu inapigwa.

Tulijilipia wenyewe kozi ya wiki moja. Mwalimu alikuwa mzee aliyejifunza kazi hii kwenye nyambizi za jeshi la majini, kama walivyo wazee wengi wa fani hii. Darasani tulikuwa watu kumi na wanne, wanawake ni sisi wawili tu, na mitandio yetu. Siku ya mwanzo alituuliza swali moja tu: mmekuja kukariri au kufahamu? Tukamwambia tumekuja kufaulu. Akacheka sana.

Baada ya ile wiki tukaendelea wenyewe moteli. Zamu ni saa 12, siku sita, yaani saa 72 kwa wiki. Unarudi, unaoga, unaswali, unakula ulichopika kwenye jiko la umeme la kisahani, ndipo unafungua vitabu. Mwaka ule matengenezo ya machipuo yalikutana na Ramadhani. Tuliomba zamu ya usiku, ili ndani ya ovaroli zile nzito tuwe tumekwisha kufuturu na maji tunaweza kunywa. Tukitoka asubuhi tulisoma saa moja, tukalala, tukaamka adhuhuri tukasoma tena. Mwenye funga ya mchana na ovaroli la joto tunamwambia wazi: omba usiku, usione haya.

Hisabati ndiyo iliyowatisha wengi darasani, lakini sisi hesabu zile tulikuwa tunazijua kwa sura nyengine. Chukua chetezo cha udi. Ukikisogelea moshi unakujaa usoni, ukirudi nyuma kidogo harufu inapungua haraka kuliko ulivyodhani. Mionzi inayotoka kwenye nukta moja ina kanuni yake kamili: ukizidisha umbali mara mbili, inapungua mara nne. Chanzo kinachotoa miliremu 80 kwa saa ukiwa futi 1, kwa futi 2 ni 20, kwa futi 4 ni 5. Na hiyo 5 ndiyo namba ambayo sheria huku inasema ikipita, mahali pale pawekwe alama ya eneo la mionzi, ile ya rangi ya manjano yenye mapanga matatu. Ikipita 100 ni eneo la mionzi mikali, hapo mlango una masharti yake.

Kisha kuna muda. Fundi bomba amebakiwa na ruhusa ya miliremu 200 na pale anapofanya kazi pana miliremu 600 kwa saa. Ana dakika 20, basi. Ukimwachia 25 kwa sababu ni mcheshi au kwa sababu msimamizi wake anapiga kelele, kosa ni lako wewe uliyeshika kipimo. Na kuna kizuizi. Kwa mionzi ya kobalti 60, ambayo ndiyo mwenyeji mkuu ndani ya mabomba ya kinu, risasi ya unene wa nusu inchi hivi huipunguza nusu. Kobalti yenyewe hupungua nusu kila baada ya miaka 5.27. Namba hizo tuliziandika kwa kalamu ya wino kwenye kioo cha bafu la moteli, na msafishaji, Mungu ampe kheri, hakuzifuta mwezi mzima.

Kuna mlango mmoja wa mitihani ile ambao sisi tuliujua kwa ngozi yetu kabla ya kuusoma. Unapotoka eneo la mionzi unapita kwenye mashine inayokupima mwili mzima. Mmoja wetu alikuwa kila siku ya mvua analiliwa na kengele, kichwani tu. Wenzetu wakaanza kutazamana. Sababu ni gesi ya radoni, ambayo inatoka ardhini kila mahali, haina uhusiano wowote na kinu. Mabaki yake hushika vumbi, na vumbi hushika nguo zenye umeme tuli, hasa poliesta. Na mtandio wetu ulikuwa poliesta. Mabaki hayo yanapungua nusu kila baada ya nusu saa hivi, kwa hiyo unasubiri, unapimwa tena, namba imeshuka. Uchafu wa kobalti hautashuka hata ukikaa mpaka Isha. Tukahamia mitandio ya pamba, kengele zikapungua. Swali la radoni lilipotokea kwenye mazoezi ya mtihani tuliangaliana tukacheka.

Kwa wanaotuuliza habari za stara: ndani unavaa ovaroli pana, glavu, viatu vya mpira na kofia ya kitambaa inayofunika kichwa na shingo. Ukishavaa hakuna wa kujua nani ana hijabu. Ugumu uko sehemu mbili. Barakoa ya kupumulia lazima ikamate ngozi ya uso pande zote, kitambaa hakiruhusiwi kupita katikati, kwa hiyo kofia nyembamba inayoishia kwenye mstari wa nywele ndiyo inayofaa. Na ikiwa umepata uchafu nguoni, nguo inavuliwa na inaweza isirudi. Sisi mwanzo wa kila kazi tunamwendea msimamizi kabla ya lolote: likitokea hili, tupimwe na mwanamke, nyuma ya pazia. Hatujawahi kukataliwa. Na begi letu halikosi mtandio wa akiba.

Sasa tuje kwenye posa.

Katikati ya miezi ile ya kusoma, mmoja wetu alichumbiwa. Kijana wa Unguja, ameishi huku miaka, watu wanajuana na watu wetu. Barua ikaletwa, ikajibiwa. Kisha mama wa kijana akasikia neno moja, mionzi, na mambo yakasimama. Hakusema hataki. Alisema tu, kwa ile sauti yetu ya ustaarabu, kwamba yeye mwanawe ni mmoja, na angependa kuona wajukuu. Wiki tatu hakuna aliyepiga simu.

Tulikuwa tumekasirika, hatufichi. Lakini tulipokaa tukaona khofu yake ni swali, tena swali tunalolisomea usiku na mchana. Tukampigia wenyewe, sisi wawili, simu moja. Shikamoo mama. Marahaba wanangu. Tukamwomba ruhusa tumweleze.

Tukamwambia kwamba kila mtu duniani anapata mionzi kutoka ardhini, angani na ndani ya chakula chake. Huku Marekani wastani wake kwa mwaka ni kama miliremu 310. Sheria inamruhusu mfanyakazi wa kinu kupata hadi miliremu 5,000 kwa mwaka, ambayo kwa kipimo cha kimataifa ni milisiveti 50, lakini kiwanda kinatakiwa kuibana mbali chini ya hapo. Mwaka uliopita mkwe wake mtarajiwa alipata 212. Na dozi inayojulikana kufunga kizazi cha mwanamke moja kwa moja inaanzia kama mara 50 ya kile kikomo cha mwaka mzima, tena iwe imeingia kwa mkupuo mmoja. Hatukumwambia hakuna hatari hata chembe. Wataalamu wa kinga wanahesabu kila dozi, hata ndogo, kuwa inaongeza uwezekano mdogo wa saratani, na ndiyo maana tunapimwa kila siku. Tukamwambia hivyo hivyo.

Alinyamaza muda. Kisha akauliza: “Na akishapata mimba je, mwanangu?”

Hilo ndilo swali. Kwenye vitabu vyetu lilikuwa mistari michache, na katika maswali 150 ungeweza kukuta moja tu juu yake. Mwalimu wetu alilipita kwa dakika kumi, maana wengine kumi na wawili darasani walikuwa wanaume. Sisi tulilirudia usiku ule wote.

Sababu ya kitaalamu ni ya zamani. Mwaka 1906 Wafaransa wawili, Bergonié na Tribondeau, walieleza kwamba seli zinazogawanyika kwa kasi na ambazo bado hazijajua zitakuwa nini ndizo zinazoumizwa zaidi na mionzi. Mtoto tumboni ni seli za namna hiyo. Kwa hiyo sheria ya Marekani inasema mimba nzima isipate zaidi ya miliremu 500, na dozi hiyo igawanywe sawasawa kwa miezi, isije ikaingia yote mwezi mmoja. Mapendekezo ya kimataifa ya ICRP ni makali zaidi, milisiveti 1 tu, yaani miliremu 100, kwa muda wa mimba uliobaki tangu mama aseme. Kwa maoni yetu hapa Marekani imelegea.

Lakini sikilizeni hapa, dada zetu. Kikomo hicho cha 500 hakianzi kwa sababu una mimba. Kinaanza siku uliyoandika kwa mkono wako kwamba una mimba, na tarehe unayokisia ilipotunga. Kabla hujaandika, hata tumbo likionekana na kila mtu, kisheria wewe ni mfanyakazi kama wengine, kikomo ni 5,000. Hakuna wa kukulazimisha uandike. Unaweza hata kuliondoa tamko lako, kwa maandishi pia. Mume hana saini pale. Msimamizi hana saini pale.

Tulipolisoma mara ya kwanza tuliona ni uzembe. Kwa nini mwajiri asimtoe tu mwanamke mle ndani? Kisha tukasoma kesi ya chama cha wafanyakazi cha UAW dhidi ya kampuni ya Johnson Controls, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1991. Kampuni ilitengeneza betri, na betri zina risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto tumboni. Ikawazuia wanawake wote kufanya kazi zile isipokuwa wale wenye cheti cha daktari kwamba hawawezi kuzaa. Mahakama ikasema hapana, uamuzi wa kizazi cha mwanamke si wa mwajiri. Tukafahamu. Mwajiri akipewa kukulinda bila kukuuliza, atakulinda mpaka usiwe na kazi.

Tukampigia mama tena, tukamweleza hilo pia. Akasema, “Basi mtu huyu ana hati yake mwenyewe mkononi.” Wiki ile ile mahari ikapangwa.

Harusi nayo ikagongana na mtihani. Nyumbani walitaka bi harusi afike mwezi mzima kabla, awekwe ndani, asingwe, asionekane. Alifika siku tisa kabla, maana alifanya mtihani Jumamosi na akapanda ndege Jumapili. Mashangazi walisema waliyoyasema. Somo wake alimfundisha yote anayofundishwa mwari, na yalikuwa mazuri, lakini hakuna aliyemfundisha kuhesabu wiki za mimba kurudi nyuma. Hilo alikwisha kulijua kutoka kitabu cha mionzi.

Majibu yalikuja baadaye. Wote wawili tulikuwa tumefaulu.

Msimu wa pili baada ya harusi, tukiwa kinu kimoja, wiki ya nne, alichelewa siku zake. Alipima moteli kabla ya zamu. Mistari miwili. Tulikaa kitandani tukiwa tumevaa viatu tayari, na badala ya vigelegele tukatoa kikokotoo. Kwa kukisia tarehe, dozi yake tangu mimba itunge ilikuwa kama miliremu 60. Zilibaki 440, miezi minane, sawa na 55 kwa mwezi. Inawezekana kufanya kazi na namba hiyo, ukikaa kwenye vipimo, kwenye lango, kwenye ofisi ya dozi. Lakini mafundi wa mkataba wanaitwa kwenda ndani, kwenye majenereta ya mvuke, kwenye mabomba. Asiyeweza kwenda ndani, kampuni ya mkataba inamwona ni kiti kilichokaliwa bure. Na wao walikuwa wametoa rehani ya nyumba miezi mitatu iliyopita.

Mumewe tulimpigia. Alinyamaza, kisha akasema: “Andika. Mengine tutayajua.” Lakini alimalizia kwa kusema uamuzi ni wake yeye mama, na hilo halikuwa jepesi kwake kulisema.

Aliandika asubuhi ile. Ukurasa mmoja. Kiwanda kilimpokea vizuri, kikampa kazi ya kukagua na kugawa vipimo, hakuongeza hata miliremu 10 mpaka kazi ikaisha. Kampuni ya mkataba, hatuitaji, ilimshukuru. Msimu wa vuli haikupiga simu. Hakufukuzwa, maana mtu wa mkataba hafukuzwi. Simu tu haikulia. Angeweza kulalamika na sheria iko upande wake, lakini utathibitisha vipi simu isiyolia? Tulizungumza na mwanasheria mmoja, akauliza swali hilo hilo.

Miezi mitano hakuwa na mshahara. Waliuza gari moja. Zile herufi za sajili ndizo zilizomrudisha: kampuni nyengine ilikuwa inatafuta mtu wa kufundisha mafundi wadogo misingi kabla ya msimu wa machipuo, na ikataka aliyefaulu mtihani mkubwa. Akafundisha akiwa na miezi minane, amekaa kwenye kiti, na sura ya mama mjamzito akaipa saa mbili nzima badala ya dakika kumi. Wanaume darasani waliandika kuliko siku zote. Baadhi yao wana wake kazini humo humo.

Mtoto ni wa kike, mzima, Alhamdulillah. Bibi yake alitaka aletewe karatasi ya dozi, ile Fomu 5. Ameitia kwenye mfuko wa plastiki, kabatini, pamoja na hati ya ndoa.

Mwengine kati yetu anaolewa baada ya Idi, InshaAllah. Amekwisha kuomba nakala tupu ya fomu ya tamko kutoka ofisi ya dozi, ameikunja mara nne, iko kwenye pochi yake pamoja na kikokotoo. Mchumba ameoneshwa. Alichouliza ni kama kuna sehemu yake ya kutia saini, akaambiwa hakuna.